Nyumba Iliyofagiwa Haikai Tupu: Je, Sikukuu Zetu Bado Zina Maana?

Maandiko ya juma: Kumbukumbu la Torati 16:9–15, Mathayo 12:43–45, Matendo 2:1–11



Juma hili nataka tushughulike na swali ambalo naulizwa mara kwa mara nikizunguka makanisa yetu ya Migori na Homa Bay: hizi sikukuu za kimila bado zina kazi gani katika maisha ya siku hizi? Vijana huliuliza kwa njia yao. Mmoja anayeendesha boda boda aliniambia wazi, "Pasta, mimi nikikaa kwa sherehe siku moja, mwenye pikipiki bado anataka shilingi 400 zake jioni." Wazee nao huliuliza kwa njia nyingine: mkiacha kila kitu, watoto mtawaambia wao ni akina nani? Na kuna kundi la tatu, wapendwa wetu wa ndani kabisa, ambao jibu lao ni fupi: mila ni ya shetani, tumeokoka, tuendelee mbele.

Nimewasikiliza wote watatu, na kila mmoja ana kitu cha kweli. Lakini naamini Neno linatupeleka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao amefika. Sikukuu bado ina maana kwa sababu watu hawawezi kuishi bila sikukuu. Ukifagia moja, nyingine itaingia. Kazi yetu ni kuangalia ni ipi inaingia.

Pentekoste ilikuwa siku ya mavuno

Sisi tunajiita Wapentekoste. Tukisikia jina hilo tunafikiria ndimi za moto na kunena kwa lugha, na ni sawa. Lakini kabla ya Matendo sura ya 2, Pentekoste ilikuwa sikukuu ya wakulima. Jina lenyewe ni la Kiyunani na maana yake ni ya hamsini. Torati inaiita Sikukuu ya Majuma: unahesabu majuma saba tangu siku unapotia mundu shambani, kisha unasimamisha kazi, unachukua sehemu ya ulichopata, na unaenda mbele za Bwana pamoja na nyumba yako yote.

Sasa hebu tazama. Roho Mtakatifu alimwagwa siku hiyo hiyo. Yerusalemu ilikuwa na Waparthi na Wamedi, watu wa Misri na Libia, Wakrete na Waarabu. Wengine walikuwa wamehamia pale, wengine walikuwa wageni waliofuata sikukuu. Waliacha mashamba na biashara, wakasafiri kwa miguu na kwa merikebu. Kama kila mmoja angesema, "Mwaka huu niko bize, nitatuma sadaka kwa mkono wa jirani," Petro angemhubiria nani? Wale watu wapatao elfu tatu walioongezwa siku ile walipatikana kwa sababu taifa lao lilikuwa na desturi ya kusimamisha kazi na kukutana.

Kwa hiyo Mpentekoste akisema sikukuu hazina maana, anakata tawi alilokalia.

Haraka si jambo jipya

Tunapenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na muda, na sisi hatuna. Si kweli kabisa. Sikukuu ya Majuma iliangukia mavuno ya ngano. Mkulima yeyote wa Awendo au Kendu Bay anajua mavuno ni nini: mahindi yamekauka, mvua inatishia, ndege na panya hawalali. Huo ndio wakati Mungu alisema simameni. Na katika Kutoka 34:21 anaongeza kwamba hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, siku ya saba ni ya kupumzika. Yaani Mungu alijua kabisa kwamba tutakuwa na sababu nzuri za kutosimama.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili. Kuanzia Mbita hadi Muhuru, omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawakusanyiki vizuri kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa ufuoni. Siku hizo chache ndizo za kushona nyavu, kwenda nyumbani, kukaa na watoto. Sijawahi kusikia mvuvi akiulaumu mwezi kwamba umempotezea muda.

Lakini yule kijana wa boda boda hana mwezi mpevu. Hakuna kitu angani kinachomwambia mwenye pikipiki wake, leo usidai. Kijana huyo akipumzika peke yake, anapoteza shilingi 400 na wateja wake wanachukuliwa na mwenzake wa steji. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi kujitengenezea sikukuu. Steji nzima ikikubaliana, hakuna anayempokonya mwenzake abiria. Na mwenye pikipiki akikubali, deni la siku hiyo halipo.

Torati ililiona hilo. Haikumwambia mtumwa apumzike. Ilimwambia bwana wake, wewe utafurahi, pamoja na mtumwa wako na mjakazi wako. Amri ilipewa mwenye uwezo wa kuruhusu. Basi wewe mpendwa unayemiliki pikipiki mbili tatu, au kinyozi, au duka la dawa lenye msichana wa kukuuzia, swali la sikukuu linaanza kwako kabla halijamfikia yeye. Ni rahisi kuhubiri kwamba vijana wamepoteza utamaduni wakati sisi ndio tunaodai pesa zao za siku hiyo.

Sikukuu moja iliyobaki

Katika Mathayo 12 Bwana Yesu anasimulia habari ya pepo aliyemtoka mtu. Anazunguka, hapati mahali, anarudi na kukuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini ni tupu. Anakwenda kuleta wengine saba wabaya kuliko yeye, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Tumezoea kulitumia andiko hili kwa mtu mmoja aliyeokoka akarudi nyuma. Lakini Yesu mwenyewe alimalizia kwa kusema kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa kizazi kile. Kwa hiyo linahusu jamii pia.

Nyumba yetu ya Waluo ilikuwa na sababu nyingi za kukutana. Kulikuwa na saga, ambapo majirani walilima shamba la mmoja kisha la mwingine. Kulikuwa na mavuno, mieleka ya vijana, harusi zilizochukua siku kadhaa, na jioni za siwindhe ambapo bibi alikusanya watoto akawasimulia. Shule ikaja, kazi ya mshahara ikaja, watu wakahamia Nairobi na Mombasa, na injili nayo ikafagia yale yaliyofungamana na mizimu. Sawa. Lakini angalia kalenda ya ukoo wako mwaka huu. Ni lini mlikutana wote? Wengi watasema: kwenye matanga.

Mazishi ndiyo sikukuu kubwa tuliyobakiwa nayo. Mzee mmoja aliniambia baada ya ibada ya maziko, "Pasta, hawa watoto wa marehemu ndugu yangu nimewaona mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu tulikuwa tumesimama kando ya kaburi." Nilimjibu, "Baba, umesema neno." Sikuwa na zaidi ya hilo. Na fikiria pesa. Hema, jeneza, ng'ombe, gari la kuleta mwili kutoka Nairobi: vikundi vya WhatsApp hujaa michango kwa siku tano. Mtu huyo huyo alipokuwa hai, akitafuta karo ya mtoto au pesa za matibabu, kikundi kilikuwa kimya. Hatukumchukia. Hatukuwa na siku ya kukaa naye ili tujue.

Na pale palipokuwa na mkesha wa kuomboleza, pameingia disko matanga. Serikali imeyapiga marufuku mara kadhaa na bado yanarudi. Wazazi mnajua ni wasichana wangapi maisha yao yameharibikia pale, katika giza la nyuma ya spika. Nyumba iliyofagiwa ilikaa tupu, na waliokuja kukaa ndani ni wabaya kuliko wa kwanza.

Upande wa Kuria mambo ni mazito zaidi. Disemba shule zikifungwa, msimu wa tohara unaweza kutangazwa. Kuna ngoma, kuna nyama, kuna zawadi, kijana anatembezwa kwa shangwe. Na pamoja na wavulana, wasichana bado hukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 2011 imekataza kabisa ukeketaji nchini Kenya. Hapa sitazungusha maneno. Mungu hapokei sherehe inayojengwa juu ya damu ya binti. Yeyote anayesema huo ni utamaduni, na auangalie uso wa mtoto siku ile, kisha arudi aseme tena.

Lakini mama mmoja wa kanisa letu karibu na Kehancha, ambaye amekataa binti zake wasiguswe, aliniuliza swali ambalo bado nalibeba. "Pasta, binti yangu hakatwi, hilo tumemaliza. Sasa watamwimbia lini? Wenzake wamepewa zawadi na heshima. Wangu amepewa hapana." Sikiliza mama huyu. Hataki kisu. Anataka siku. Makanisa na mashirika kadhaa huko Kuria yamekwisha kuelewa, yakaanzisha sherehe mbadala: wasichana hufundishwa wakati wa likizo, kisha wanapongezwa hadharani, wazazi wakiwepo. Hiyo ndiyo maana ya kufagia nyumba na kuijaza.

Nani yuko mezani?

Basi tutapimaje? Wengine wanapima kwa umri: cha zamani ni kizuri. Wengine wanapima kinyume: cha zamani ni kibaya. Torati ina kipimo kingine. Kumbukumbu la Torati 16 inataja watu wanane wanaopaswa kufurahi pamoja nawe: mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wanne wa kwanza wako nyumbani kwako tayari. Wanne wa mwisho hawana shamba, na ndio ambao kwa kawaida hawaalikwi. Bila wao, sikukuu haijakamilika.

Chukua kipimo hicho ukipime mila ya golo kodhi, ile desturi ya kuanza kupanda kwa kufuata ukubwa katika boma. Wazazi hupanda kwanza, kisha wa kwanza, kisha wa pili. Ndani yake kuna jambo zuri: familia inaanza msimu pamoja, kwa heshima na kwa utaratibu. Lakini inapofika kwamba mjane anangoja ruhusa huku mvua inapita, kwa hofu ya chira, meza hiyo imemfukuza mtu ambaye Mungu alimwandika kwa jina la hali yake. Hapo tunasema hapana. Heshima ibaki: tuombe pamoja juu ya mbegu, mzee wa boma abariki. Hofu iende, na mjane apande mvua inaponyesha.

Pima pia mambo yetu ya kisasa kwa kipimo hicho hicho. Sherehe ya kitamaduni ambayo wanasiasa hukaa kwenye hema, wanakijiji wakapigwa na jua, kisha sahani zikaisha kwa wageni wa heshima, imeanguka mtihani. Krismasi ambayo mtu anatoka Nairobi kwa nauli mara mbili, anachinja mbuzi, anafunga geti, na jirani yatima anasikia harufu tu, nayo imeanguka, hata kama kwaya iliimba vizuri asubuhi. Amosi sura ya 5 inatukumbusha kwamba Mungu anaweza kuzichukia hata sikukuu alizoziagiza mwenyewe, haki ikikosekana langoni. Kwa upande mwingine, Nehemia 8:10 inaonyesha sikukuu iliyofaulu: watu waliambiwa wale na wanywe, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa chochote.

Mtoto akiuliza

Kuna jambo lingine ambalo sikukuu hufanya na ambalo somo la darasani haliwezi. Katika Kutoka 12:26 Musa anawaandaa wazazi kwa siku ambayo watoto watauliza, ibada hii maana yake nini kwenu? Pasaka ilitengenezwa ili mtoto aone kitu cha ajabu mezani na aulize.

Watoto wetu wanauliza nini? Pale Rusinga na Mfangano kuna Abasuba, watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Leo watoto wao wengi wanajua Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, lakini lugha ya babu zao inazimika. UNESCO imeiorodhesha kati ya lugha zilizo hatarini. Kila Disemba, sherehe ya kitamaduni ya Rusinga huleta vyakula, ngoma na hadithi za Kisuba hadharani. Kuna redio inayotangaza kwa Kisuba kutoka Mfangano. Na sisi watu wa Neno tufurahi zaidi, kwa sababu Agano Jipya limetafsiriwa kwa Kisuba. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Roho hakuzifuta lugha zao. Kwa hiyo mtoto wa Rusinga akisikia bibi yake akiimba kwa Kisuba, akauliza, "Dani, unasema nini?" sioni shetani hapo. Naona mlango wa kumwambia habari za Mungu aliyewavusha ziwa.

Mtu atasema, lakini sikukuu ya kabila haikuagizwa katika Biblia. Ni kweli. Soma Yohana 10:22. Yesu alikuwa hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo haimo katika torati ya Musa. Wayahudi waliianzisha wenyewe, zaidi ya miaka 150 kabla ya Kristo kuzaliwa, kukumbuka siku hekalu liliposafishwa baada ya kutiwa unajisi. Bwana wetu hakukaa nyumbani akisema haijaandikwa. Alitembea katika ukumbi wa Sulemani, na pale pale akasema habari za kondoo wake. Watu wakikumbuka jambo jema katika historia yao, Kristo anaweza kupita katikati yao.

Wala tusiiachie serikali kazi hii. Tarehe 10 Oktoba imekuwa Sikukuu ya Moi, baadaye ikaitwa Sikukuu ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Sikukuu ya Mazingira. Siku ni ile ile, sisi tunalala nyumbani au tunaenda sokoni. Jina likibadilika na hakuna mtoto aliyeuliza kitu, basi ilikuwa siku ya mapumziko tu.

Sasa tufanye nini?

Simfungi mtu. Paulo katika Wakolosai 2:16 anakataza tusihukumiane kwa habari ya sikukuu, na katika Warumi 14 anasema kila mtu athibitike katika nia yake mwenyewe. Atakayekaa mbali na sherehe fulani kwa ajili ya dhamiri, msimcheke. Lakini naomba kila kanisa la mahali lifikirie mambo matatu.

Kwanza, tuwe na siku moja ya mavuno kila mwaka, mahindi ya mvua ndefu yakishavunwa na kabla watoto hawajarudi shule mwishoni mwa Agosti. Isiwe harambee ya kujenga. Iwe chakula. Kila nyumba ilete kulingana na ilivyobarikiwa, na orodha ya wajane na yatima iandikwe kabla ya orodha ya wageni wa heshima.

Pili, wenye pikipiki, maduka na mashamba walio kanisani mwetu waachilie pesa za siku hiyo. Hiyo ndiyo sadaka yao.

Tatu, kila ukoo wenye waumini wetu ukutane mara moja kwa mwaka bila jeneza. Chai na viazi vinatosha. Wazee wawaambie watoto majina, walikotoka, na mahali Bwana alipowatoa. Makanisa ya Kuria yaweke siku ya kuwapongeza wasichana na wavulana kwa pamoja, bila kisu juu ya msichana yeyote.

Najua itagharimu. Shilingi 400 ni pesa. Lakini tayari tunalipa: tunalipa kwa hema za matanga, kwa mabinti waliopotea kwenye disko, kwa ndugu wanaotambulishwa kaburini. Gharama ya sikukuu njema ni ndogo, na inalipwa watu wakiwa hai.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mara ya mwisho ukoo wenu kukutana bila msiba ilikuwa lini?
2. Katika sherehe unazoandaa, ni yupi kati ya wale wanane wa Kumbukumbu 16 ambaye hukosekana?
3. Ni desturi gani kijijini kwenu inahitaji kufagiwa, na mtaweka nini mahali pake?

Ombi

Baba, uliyemimina Roho wako siku ya mavuno, tufundishe kusimama. Wakumbuke vijana wasio na siku ya kupumzika, na ulainishe mioyo ya wanaowadai. Walinde mabinti wa Kuria msimu huu. Zijaze nyumba zetu, zisikae tupu. Katika jina la Yesu. Amina.